Ukuta Ulionyolewa

Ilikuwa siku ya Jumatano, wiki ya pili ya Machi, saa tisa na robo alasiri. Haikuwa saa tisa kamili, kwa maana watoto wa shule walikuwa wamekwisha kupita. Wala haikuwa saa tisa na nusu, kwa maana kivuli cha paa kilikuwa hakijaufikia mlango wa jiko. Saa hiyo, ndugu zangu, mtu mmoja alisimama mbele ya nyumba yake mpya, jembe mkononi, akiukwangua ukuta wake mwenyewe.

Nyumba yake ya zamani ilikuwa imeanguka. Mkewe na mtoto mchanga walilala katika kibanda cha jiko, na mtoto alikohoa kwa moshi. Nyumba mpya ilikuwa na paa tayari, lakini nyumba isiyo na ukuta ni mwavuli tu, na masika yalikwisha kunguruma upande wa milimani.

Wala huyu hakuwa mvivu. Angekuwa mvivu, tungejua dawa yake. Tangu utoto alifundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na neno hilo akalishika kuliko hata aliyemfundisha. Majirani walikuja kwa ujima, wakakanyaga udongo, wakaukandika kwenye fito, wakanywa togwa, wakaenda zao wakiimba. Jua likaukausha ukuta, ukapasukapasuka kama kisigino wakati wa kiangazi. Kulipokucha akaubomoa wote, hata fito zikaonekana. Majirani wakarudi, safari hii wakicheka. Ukapasuka, akaubomoa. Alipowaita tena, kila mmoja alikuwa na shughuli. Akakandika peke yake, nao ukapasuka vilevile.

Basi mkewe akatoka jikoni, mtoto mgongoni.

"Nimefunga nguo zangu," akasema. "Kesho nakwenda kwa mama."

"Nisubiri kidogo. Huu haufai, una nyufa. Watu watauliza ni fundi gani huyu."

"Watu wana nyumba zao, baba. Wanalala humo."

Mumewe akainua jembe tena. Wakati huo bibi mmoja mjane, jirani yake, alikuwa akipita na ndoo ya maji kichwani.

"Mwanangu, ukuta huo unaujenga au unaunyoa?"

"Usinicheke, bibi. Tazama nyufa hizi. Mikono yangu haina faida."

Bibi akaitua ndoo. "Mwaka juzi ulinikandikia mimi. Ukuta ulipopasuka nililia, nikadhani nyumba imeharibika. Uliniambia nini?"

Mtu yule akaendelea kukwangua.

"Kama umesahau, mimi sijasahau. Uliniambia, 'Bibi, udongo wa kwanza lazima upasuke. Usipopasuka, ule wa pili utashika wapi?' Ukanikandikia wa pili, na hata leo nalala humo. Je, ulisema kweli, au ulimbembeleza mjane anyamaze?"

"Nilisema kweli."

"Basi wewe umekosa nini, hata ukweli huo usikuhusu?"

Akautazama ukuta: nusu umekwanguliwa, nusu una nyufa zake. Ile nusu iliyobaki hakuigusa tena. Akashuka katika shimo la udongo, akaanza kukanyaga udongo wa pili.

Ndugu zangu, ni nani miongoni mwetu asiyejua kumwambia mwenzake, "Pole, utaweza"? Maneno hayo tunayo tele. Tunayagawa msibani na hospitalini. Jirani akiunguza wali, tunakula na kushukuru. Wetu ukishika ukoko, hatulali. Kwa nini huruma yetu iishie kwenye ua wa jirani? Je, Mwenyezi Mungu alituumba kwa chuma? Alituumba kwa udongo, naye alijua udongo hufanyaje ukikauka.

Kwa hiyo wewe uliyevunja nadhiri yako juzi, usiibomoe imani yako yote mpaka kwenye fito. Na wewe mama uliyemkemea mwanao kupita kiasi, mwite leo, uanze palepale. Asiniambie mtu kwamba huu ni ulegevu. Kubomoa ni kazi nyepesi. Kukandika juu ya nyufa huku unaziona, hiyo ndiyo kazi ya wenye nguvu. Nasi tutaifanya, kabla ya mvua.

Nimesikia mambo yale yakisimuliwa kwingine. Wako wasemao mkewe hakuondoka. Aliondoka, kisha akarudi. Wako wasemao mvua ilizuiliwa hata kazi ikaisha. Haikuzuiliwa, ilimkuta upande mmoja ukiwa bado na udongo wa kwanza tu, naye akaendelea. Na wako wasemao kwamba ukuta ule haukupata ufa tena. Hao ndio wanaopotosha zaidi. Ulipata ufa mmoja juu ya dirisha, mrefu kama mkono. Aliuona kila asubuhi, akaupita, akaenda kulima.