Kiboko na Maagizo Yaliyokubali Kwake Tu

Mpo?
— Tupo!
Masikio mmekuja nayo?
— Tumekuja nayo!
Ya kusikilizia au ya kutundikia hereni?
— Ya kusikilizia!
Haya, tutaona.

Hapo kale, lakini si kale sana kwa sababu kompyuta zilikuwepo, kiangazi kilishuka porini kikakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Mito ikabaki mchanga. Maji yakabaki mahali pamoja tu, kwenye bwawa la Mheshimiwa Kiboko. Kwa nini liwe lake? Kwa sababu alikuwa amekaa ndani yake. Nani wa kumwinua?

Baraza la wanyama likakata shauri. Mabomba yatoke bwawani yaende kila boma. Kila boma liwe na koki, na kila koki iwe na kompyuta ya kuifungua asubuhi na kuifunga jioni. Programu ya kuendesha koki ataandika Kiboko, maana ndiye mkubwa. Si mnajua? Mtu akiwa na shingo nene, watu hudhani na akili imenenepa.

Sasa sikilizeni, msije mkajifanya mmeelewa. Programu huandikwa kwanza kwa maneno, halafu kompyuta ya kila boma inaipika yenyewe mpaka iwe kitu inachoweza kukila. Vijana husema kukompaili. Mimi nasema kupika. Na kupika kunataka maagizo: chukua hiki pale, changanya na kile, washa moto. Kiboko akaandika programu, akaandika na maagizo ya kuipika, akaipika kwake. Koki yake ikafunguka, chwaaa! Akapiga mwayo.

"Kazi imekwisha," akasema. Akajitupa bwawani, chubwi!

Tembo akayapeleka maagizo kwake. Kompyuta ikaguna, gruu, gruu, kheh! "Nimeambiwa niingie chumba cha nyuma cha Kiboko, kabati la kushoto, nichukue sufuria. Simwoni Kiboko, sioni chumba, sioni kabati." Koki kimya.

Tembo akaenda bwawani. "Mheshimiwa, imekataa."

"Kwangu inakubali," akasema Kiboko. Chubwi!

Nyani naye akayapeleka kwake. Gruu, gruu, kheh! "Nimeambiwa nimwite mpishi Masunga. Hapa mpishi ni Mwakisu. Masunga ndiye nani?" Koki kimya.

Nyani akaenda bwawani. "Mheshimiwa, imekataa."

"Kwangu inakubali." Chubwi!

Mama Ngiri naye, na watoto wake wamekauka pua, akayapeleka kwake. Gruu, gruu, kheh! "Nimeambiwa nitie chumvi. Chumvi hakuna, na hakuna aliyesema iletwe." Kiboko hakusema, kwa sababu kwake chumvi ilikuwa mezani tangu enzi za nyanya yake. Nani hukumbuka kutaja kitu anachokikuta mezani kila siku?

"Mheshimiwa, imekataa, na wanangu wanalamba mawe."

"Kwangu inakubali, mama. Tatizo ni boma lako, halijakaa kiboma." Chubwi!

Wala msidhani alikuwa mjinga mtupu. Maji yasiyotoka bwawani yanabaki bwawani, na aliyebaki nayo ni nani?

Sasa juu ya mti wa Mama Ngiri aliishi Kinyonga. Msimpende bure huyu, hakuwa mwema. Alichotaka ni nzi, na nzi wanene hukaa penye maji. Ila alikuwa na tabia moja. Hakanyagi tawi kabla ya kuliuliza. Mguu mbele, mguu nyuma, utanibeba, hutanibeba? Jicho moja likatazama kompyuta ya Mama Ngiri, jicho la pili likawatazama watoto wa Ngiri wakilamba mawe. Akateremka. Akafika bwawani wiki imekwisha, lakini akafika.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba. Kama ni habari ya koki, kwangu inakubali."

"Kwani mimi sijui? Nimewaambia hawa washamba! Lakini wanakusema, Mheshimiwa. Wanasema hujui kupika. Njoo barazani uwafunge midomo."

Kiboko akapanda juu, hasira imemjaa mpaka masikioni.

Porini kulikuwa na desturi. Neno ukilisema barazani mguu ukiwa juu ya jivu la moto wa baraza, halirudi. Kiboko akakanyaga jivu, pu! Vumbi likamwingia hata Simba.

"Maagizo yangu hayana kosa!"

"Hayana," akasema Kinyonga. "Na anayepikia kwako, Mheshimiwa, anapata maji?"

"Anapata!"

"Hata Ngiri?"

"Hata Ngiri, hata siafu! Asiyeamini aje apikie kwangu aone!"

"Asante, baba," akasema Kinyonga. "Jamani, mmesikia. Fungeni mizigo."

Wakahamia! Tembo na ukoo wake, puu, puu, puu. Nyani na magodoro. Mama Ngiri na watoto, wa kwanza kuingia majini. Siafu wakaja na malkia wao kichwani. Kila mmoja na kompyuta yake, zote zimepangwa chumba cha nyuma cha Kiboko, kabati la kushoto.

"Tembo! Mbona unaoga bwawani kwangu?"

"Kwako inakubali."

"Nyani! Shuka kitandani kwangu!"

"Kwako inakubali."

"Wewe Ngiri, hiyo ni chumvi ya nyanya yangu!"

"Tena tamu," akasema Mama Ngiri.

Bwawa likashuka. Likamfika Kiboko kiunoni, likamfika magotini. Mgongo ukaanza kupasuka kwa jua. Akamfuata Kinyonga.

"Kinyonga mwanangu..."

"Leo nimekuwa mwanao?"

"Niondolee hawa watu. Chochote utakacho."

"Tawi lile lililoinamia maji, liwe langu. Na nifungulie hayo maagizo yako."

Akafunguliwa. Akasoma, jicho moja juu, jicho moja chini. Kila penye jina au kitu cha kwa Kiboko akafuta, akaweka swali. Hapa ni kwa nani? Mpishi wa hapa anaitwa nani? Chumvi ipo? Kama haipo, sema kabla hatujawasha moto. Wanyama wakayabeba wakarudi makwao.

Kompyuta zikaanza. Tiki, tiki, tiki. "Nakagua kama kuna mpishi... yupo. Nakagua kama kuna chumvi... haipo, lete." Mama Ngiri akaleta, ile ile ya nyanya wa Kiboko. "Nakagua kama kuna mkia... upo."

"Mkia wa nini?" akauliza Mama Ngiri.

"Huwezi jua," akajibu Kinyonga.

Chwaaa! Kwa Ngiri, chwaaa! Kwa Nyani, chwaaa! Kwa Tembo, chwaaa! Watoto wa Ngiri wakaangukiana kwenye kihori, wakanywa mpaka matumbo yakalia.

Mnadhani Kinyonga alishukuriwa? Tembo alilalamika kwamba maswali ni mengi, alisinzia akisubiri. Nyani alisema maagizo ya zamani yalikuwa mafupi, yalipendeza. Baraza likakaa, likampa Kiboko nishani ya ukarimu, kwa kuwapokea wenzake wakati wa shida.

Kwa hiyo, wajukuu, fundisho ni hili: ukitaka kusifiwa duniani, kaa mlangoni uwazibie watu njia kwa mwili wako wote, halafu siku ukichoka inuka, watu wakupigie makofi. Kazi ya kuuliza maswali waachie walao nzi.

Ngano nimeibeba mpaka hapa, mgongo unauma.
— Itue, bibi!
Nimeitua. Atakayejikwaa nayo asiniite.