Kibuyu cha Bi Pimbi na Maji ya Moto ya Nyati

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika, wakiposa na kusutana kama sisi, palikuwa na Bi Pimbi, kijitu cha kuingia mfukoni. Mali yake ilikuwa kibuyu kimoja tu. Majirani wakimletea maziwa, yeye huyamimina humo, yakilala yanaganda. Mgando mzito, na mimi ndiye ninayewaambia. Ndiyo ilikuwa riziki yake.

Sasa Mzee Nyati alikuwa anamwoza binti yake, akataka kuwatambia wakwe, ukoo wa Tembo. Akaenda kwa Bi Pimbi, akapiga mlango teke, paa! Akakibeba kibuyu.

"Mzee wangu, hicho ndicho kinachonilisha."

"Kuanzia leo kinanilisha mimi. Kinachogandisha ni kibuyu, siyo wewe." Akapiga chafya, chyaa, maana alikuwa na mafua.

"Kibuyu hakigandishi kitu," akasema Bi Pimbi. "Humo wanakaa bakteria, wadogo hawaonekani. Ndio wafanyakazi wangu. Wanakula sukari ya maziwa, wanayatia uchachu, yanaganda. Wakitaka kuongezeka, mmoja anajigawa, wanakuwa wawili. Hawaposi, hawatoi mahari."

Nyati akacheka mpaka pembe zikagonga dari. "Nionyeshe mmoja."

"Kwani kirusi aliyekutia mafua ulimwona? Huyo ni mdogo zaidi, tena hana jiko. Hawezi kuzaa mpaka avamie nyumba ya mwenzake, ateke jiko, atengenezee wanawe humo humo. Unamjua mwingine mwenye tabia hiyo?"

Nyati hakumjua. Kichwa kikubwa kile, lakini nafasi yote imeliwa na pembe.

Bi Pimbi akalainisha sauti. "Basi, maadamu unasema humo hamna mtu, kioshe, baba. Wakwe wasije wakaona ukoko. Maji yanayotokota, ukirudia rudia."

"Hapo sasa umesema la maana."

Akamimina maji yanayotokota, chwaaa. Wafanyakazi kwisha. Akatia maziwa, akaziba, akakiweka nyuma ya mtungi penye unyevu, akaenda kujisifu.

Siku ya wakwe akazibua mbele ya watu. Kwanza ikatoka harufu. Maziwa yamekatika majimaji, na kwenye kizibo kuvu ameota manyoya ya kijani kama ndevu za beberu. Huyo mbegu zake huruka hewani. Zikikuta chakula na unyevu zinatua, hazingoji kukaribishwa.

Mzee Tembo akaurudisha mkonga nyuma. "Mkwe, ndicho mnachokula kwenu? Jamani, tuondokeni. Posa hii basi."

Binti akaanza kulia. Ndipo Bi Pimbi akaingia na chungu kichwani. Alikuwa amebakiza mgando kidogo kikombeni, akauchanganya na maziwa mapya, wafanyakazi wakaongezeka upya.

"Mgando ninao," akasema. "Lakini kwanza, Mzee Nyati, waambie wakwe kibuyu ni cha nani."

"Cha Bi Pimbi," Nyati akanong'ona.

"Nyuma hawajasikia."

"Cha Bi Pimbi. Nilimnyang'anya."

"Na nani hugandisha maziwa?"

"Vidudu."

"Wafanyakazi."

"Haya, wafanyakazi."

Wakwe wakanywa, glu glu glu, posa ikapona. Nyati akasogeza bakuli lake.

"Wewe kaa kule," akasema Bi Pimbi, kibuyu kwapani. "Usije ukawapigia wakwe chafya, ukawagawia na kirusi wako."

Akakaa kule, karibu na mlango, akiwatazama wenzake wakilamba midomo.

Mnayemcheka kwa udogo wake, wanangu, jueni kwanza anafanya kazi gani.