Pweza Asiye na Macho

Watoto, nije nisije?

Njoo!

Nije na nini?

Njoo na la kale!

Basi naja. Wewe uliye nyuma, acha kuchokora ukuta. Zamani, kabla babu wa babu yangu hajawa na babu, waliishi watu katika kisiwa cha Krete. Leo tunawaita Waminoa. Wenyewe walijiitaje, hatujui. Tunaijua mitungi yao. Juu yake walichora pweza, mikono yake ikiuzunguka mtungi mzima.

Katika kijiji cha kisa hiki palikuwa na desturi. Mtu akifa maji na mwili usipatikane, mama yake humchorea mtungi wa pweza. Macho huchorwa mwisho. Yakishatiwa, mtungi huchomwa tanurini, ukazikwa badala ya maiti, na matanga yakaanuliwa. Kabla ya hapo mjane hufunga nywele, haimbi, wala hatoki kwa mkwewe.

Sasa, mfinyanzi Asira alikuwa na mwana mmoja, Daro. Daro akaenda baharini, hakurudi. Asira akafinyanga mtungi. Akachora mwani, akachora mikono, akachora mikono tena. Alipofika kwenye macho, akaweka brashi chini.

"Kesho," akasema.

Kesho ikafika. "Kesho." Mvua zikaja, zikaenda. "Kesho." Na mtungi ule mbichi ukakaa kibandani, na pweza wake kipofu. Kirita, mke wa Daro, naye yupo, nywele kafunga, ujana unampita. Mnaona, wanangu? Anayesubiri ni mama, aliyefungwa ni mkwe.

Majirani wakasema, "Asira, mwonee huruma binti wa watu."

"Nikimtia macho huyu pweza," akajibu, "nitakuwa nimemuua mwanangu kwa mkono wangu."

Majirani wakarudi makwao.

Siku moja Asira yuko kisimani, mvua kubwa ikashuka, upepo ukakiezua kibanda. Mtungi mbichi ukinyeshewa hurudi tope. Asira akakimbia, anakimbia analia. Akamkuta Kirita ameukumbatia mtungi, ameuinamia, mgongo wake umelowa chapachapa.

"Mtungi huu ndio uliokufunga," Asira akamwambia. "Kwa nini hukuuacha?"

"Mama, Daro ni wako, na ni wangu pia. Sina kingine cha kumshikia."

Asira akaketi palepale kwenye matope, akalia kilio alichokizuia tangu Daro alipoondoka. Mvua ilipokatika akachukua brashi. Akatia jicho la kwanza. Kirita akamshika kiwiko, la pili wakalitia pamoja.

Kirita akautazama mtungi. Mkono mmoja wa pweza ulikuwa umefutika, rangi yake imebaki kwenye nguo ya Kirita, kifuani.

"Mama, umesahau mkono huu."

"Sikuusahau. Huo ni wako. Nenda nao, mwanangu."

Asira mwenyewe akamfungua nywele, taratibu, fundo baada ya fundo. Na mtungi wa Daro ukazikwa ukiwa na mikono saba.

Wanangu, ukimlilia mtu wako, geuka utazame nani mwingine anamlilia. Msiba haumfiki mtu mmoja nyumbani, hata kama yeye ndiye anayelia kwa sauti.

Nililolibeba nimelitua. Atakayelichukua alishike kwa mikono miwili, lisije likavunjika.