Kiti cha Jiwe Kisichosema Uongo

Sikilizeni, wenzangu, kisha mpime wenyewe. Shemasi Odoni alituhumiwa kuiba kikombe cha altare.

Mfalme akasema, "Kesi hii ni yangu!"

Askofu akajibu, "Mtu wa kanisa huhukumiwa na kanisa, bwana mkubwa!"

Wakakiuliza kiti cha jiwe, kisichosema uongo, nani mwenye haki ya kumhukumu. Waliuliza mara tatu, na mara tatu kiti kikajibu, "Niulizeni kwanza kama aliiba."

"Basi kiulizeni, waheshimiwa!" akalia Emelina, mama yake Odoni. "Mwanangu amebaki mifupa gerezani."

Hapo wakubwa wakapatana kwa mara ya kwanza: wakakivunja kiti.

Odoni alifia gerezani, kesi ikigombaniwa bado. Emelina aliokota kipande kimoja, na kila jioni kipande hicho humwambia, "Hakuiba."

Ngano imefika mwisho, hukumu haijafika.