Mlango wa Sebule ya Yoramu

Mtu mmoja alikuwa na nyumba ya vyumba vitano na mama mmoja. Nyumba ilikuwa kule juu Makete, ambako mwezi wa sita ukiamka unakuta majani yamekuwa meupe kwa baridi na maji ya ndoo yameganda juu. Mtu mwenyewe aliitwa Yoramu. Alikuwa mfanyabiashara wa mbao, na alikuwa amechoka. Nasema hili mapema ili msije mkamwona mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka tu, na mengi ya mabaya ninayoyajua mimi yamefanywa na watu wa namna hiyo, wakitaka jambo liishe wakapumzike.

Mama yake alikaa jikoni. Chumba alikuwa nacho, chenye kitanda kizuri na dari, lakini hicho kilikuwa cha kulala. Kutwa alikuwa jikoni juu ya kigoda chake, karibu na mafiga, akimenya viazi, akichambua maharage, akimsemesha kila aingiaye. Wajukuu walikulia pale. Damari, mke wa Yoramu, siku alizotaka kulia alikwenda kulia pale. Ukimtafuta mtu yeyote wa nyumba ile, ulianzia jikoni, na kwa kawaida hukuhitaji kwenda mbali zaidi.

Sebule ilikuwa ya wageni. Ilikuwa na makochi yenye vitambaa alivyofuma Damari kwa mkono wake, zulia, na kabati la vioo lenye vikombe ambavyo havijawahi kutiwa chai. Ilikuwa pia na sheria moja tangu enzi za marehemu baba: mlango ukiwa wazi, pita, ukiwa umefungwa, ndani kuna wageni na maneno mazito, usisogee. Humo walipokelewa washenga. Humo wazee wa kanisa walisuluhisha ndoa za watu. Yoramu akiwa mdogo aliwahi kuufungua mlango ule wazee wakiwa ndani, na mama yake alimchapa mpaka akakoma. Mama ndiye aliyewafundisha wote sheria hiyo, na yeye mwenyewe hakuivunja hata mara moja.

Ikawa mwaka mmoja mama akashikwa na kikohozi kisichoisha. Daktari akasikiliza kifua chake, akasema ni moshi wa kuni wa miaka yote ile. Yoramu akafanya alivyoambiwa. Akang'oa mafiga, akaleta jiko la gesi, akapiga chokaa ukuta uliokuwa mweusi. Jikoni pakawa safi, pakawa baridi. Mama hakusogeza kigoda. Aliendelea kukaa palepale, amejitanda blanketi, ameelekea mahali ambapo moto haupo.

Kikohozi kilipungua, lakini daktari hakufurahi. Alimwita Yoramu pembeni. "Moshi umeondoka, vizuri," akasema. "Sasa mtafutie mama joto. Kwa mapafu haya, msimu mwingine wa baridi bila joto hatauvuka."

Yoramu alikuwa ameiona mashine ya joto kwa mteja wake mmoja wa mjini. Inatundikwa juu ukutani, inavuma polepole, na chumba kizima kinakuwa kama kimeingia jua la saa nne. Haina moshi wala majivu. Aliipenda hasa kwa sababu ilionekana ni kitu cha kununua mara moja na kusahau. Akamwita fundi, mtu wa Mbeya aitwaye Lusajo, mtu mzima, mpole, asiyependa kuharakishwa.

Fundi Lusajo aliizunguka nyumba chumba hadi chumba. Alipima kuta kwa futi. Aligonga dari. Jikoni aliinua mkono akaupitisha kwenye uwazi ulio kati ya ukuta na bati, akasikia upepo ukipita kwenye vidole, akatikisa kichwa. Kisha akakaribishwa viazi vya kuchemsha na mama, akala akiwa amechuchumaa kando ya kigoda, wakaongea habari za mvua. Alipomaliza alinawa, akatoka uani alikokuwa Yoramu na mkewe.

"Mzee, nikueleze kabla hujatoa hela yako," akasema. "Mashine hii haina mabomba ya kutembeza joto nyumba nzima. Inapasha chumba ilimo, basi. Chumba cha pili hakipati kitu. Kuna nyumba inawafaa sana, na kuna nyumba nimewaambia waache. Kwa hiyo nikuulize: ninyi hapa kwenu mnakaa wapi?"

Lilikuwa swali jepesi. Mtoto wa miaka mitatu wa nyumba ile angeweza kulijibu, tena kwa kunyoosha kidole.

"Sebuleni," akasema Yoramu.

Damari alitazama chini. Fundi naye hakuandika kitu. "Nauliza kwa sababu nimemkuta bibi jikoni," akasema, "na watoto nimewakuta jikoni."

"Jikoni hakuna dari. Umepaona mwenyewe."

"Dari inapigwa, mzee. Tukiziba na ule uwazi wa juu, ni kazi ya siku nne. Na mbao unazo."

Ni kweli mbao alikuwa nazo. Uwanja wake ulijaa mbao. Lakini Yoramu alipofikiria siku nne za vumbi na misumari na kelele ndani ya nyumba yake, baada ya kushinda kwenye misumeno kutwa nzima, mwili ulimlegea. Tena aliona aibu, niseme ukweli. Kitu kizuri namna ile kitundikwe jikoni, mahali ambapo mzee wa kanisa akija hatakiona?

"Au tuiweke chumbani kwa bibi," fundi akasema. "Kile kina dari tayari."

"Tumfungie chumbani kama mgonjwa? Hapana. Mama atahamia sebuleni. Nitamwambia."

Fundi akaenda kuchukua vyombo vyake. Ile ni nyumba ya mtu. Alitoboa ukuta tundu moja, akafunga sehemu moja ya mashine ndani na nyingine nje, na kabla jua halijazama sebule ilikuwa na joto. Alipoaga alitoa agizo moja tu. "Huu mlango ufungwe muda wote. Mkiuacha wazi, mnapasha korido."

Yoramu akaenda jikoni. Mama alikuwa anachambua maharage. "Mama, sebuleni kuna joto sasa," akamwambia. "Uwe unakaa kule."

"Ahsante sana, mwanangu. Mungu akubariki."

Akajiona amemaliza. Hakumshika mkono kumpeleka. Hakumwonyesha mahali pa kuketi, wala hakumwambia habari za mlango. Alirudi sebuleni, akaufunga kama alivyoagizwa, akavua viatu na kulala kwenye kochi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kulala akiwa na miguu yenye joto, na usingizi ulikuwa mtamu.

Mwezi wa sita ukaingia na umande wake mweupe. Mama hakuonekana sebuleni. Kila Yoramu alipotoka kazini alimkuta kwenye kigoda, blanketi moja limekuwa mawili, akiwa amekunja mikono kwapani. Mwanzo alimwambia tena, "Mama, si nilikwambia sebuleni?" Naye akajibu, "Nitakwenda, baba, nitakwenda." Baadaye akaacha kumwambia. Ilimkera kidogo. Amehangaika na mashine, na mwenye kuhangaikiwa hataki. Wageni walipokuja kuisifu mashine, aliwaambia, "Wazee wana mambo yao. Nimemwekea, hakai." Wakacheka kwa kumwelewa.

"Mama hajakaa mle hata siku moja," Damari alimwambia mara moja.

"Si nimemwambia?"

"Umemwambia," akasema Damari. Naye alikuwa na lake moyoni: akilifikiria zulia na maganda ya viazi, hakuona haraka ya mama kuhamia.

Siku moja tu nusura mambo yanyooke. Yoramu aliamka kwenye kochi, akafungua mlango ili aende uani, akamkuta mama yake amesimama koridoni karibu na mlango, ameshika bakuli lake la viazi. Mama alishtuka kama aliyekamatwa. "Samahani, mwanangu," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa napita."

"Haya, mama," akasema Yoramu, macho bado mazito. Akauvuta mlango nyuma yake haraka, joto lisitoke, akaenda zake.

Mwezi wa saba mama akashikwa na nimonia. Daktari alikuja, akafanya alichoweza, akawaambia wakae karibu naye. Yoramu alikaa kwenye ukingo wa kitanda chumbani kwake, ameshika ule mkono ambao zamani ulimchapa. Ulikuwa mwepesi na baridi. Adhuhuri mama akafumbua macho, akamtambua, akauliza swali.

"Wale wageni wameshaondoka?"

"Wageni gani, mama?"

"Wale wa sebuleni. Tangu mwezi wa sita mlango umefungwa. Kila nikienda nawasikia wananong'ona ndani, wanavuma tu, sishiki maneno. Nikasema ni watu wamekuja kumposa mjukuu wangu. Nikasema nisiwaharibie, nitangoja watoke."

Yoramu alisikia uchungu ambao hajawahi kuusikia. Maneno yote yalimjia kwa pamoja: mashine, mvumo wake, agizo la fundi, ile sheria, bakuli la viazi. Kumwambia mama yake kwamba hapakuwa na mgeni, kwamba aliyekuwa ndani ni yeye mwanawe peke yake, amelala na miguu yake yenye joto, hakuweza.

"Wameondoka, mama," akasema.

"Basi vizuri. Nikipata nguvu nitakuja nikae."

Hakupata nguvu. Alifariki siku ya tatu yake, asubuhi, jua likiwa limeshatoka.

Watu wakakusanyika, wakafanya yanayofanywa. Makochi yakatolewa nje pamoja na vitambaa vyake. Zulia likakunjwa, mikeka ikatandikwa. Kabati la vioo likasogezwa pembeni, na kwa mara ya kwanza vikombe vyake vikatolewa, maana vya jikoni havikutosha watu. Mlango wa sebule ukafunguliwa wazi ukaegemezwa jiwe, jeneza likaingizwa, likawekwa katikati, chini ya mashine. Mashine ilikuwa inavuma. Hakuna aliyekumbuka kuizima.

Mama mmoja wa kanisani aliinua uso akaitazama. "Jamani, zimeni hiyo," akasema. "Joto na maiti, wapi na wapi?"

Yoramu akatafuta rimoti kwenye dirisha, akaizima kwa mkono wake mwenyewe. Baridi ya Makete ikaingia kwa mlango ulio wazi, ikakijaza chumba. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Siku mama yake alipoingia sebuleni, ilibidi joto lizimwe. Yoramu akakaa chini kwenye mkeka, akalia mbele za watu bila kujificha, na wengi walidhani wanajua anachokililia.

Fundi Lusajo alikuja kutoa pole siku ya pili ya matanga. Alipita sebuleni, akasimama kidogo, kisha akaenda jikoni walikokuwa wanawake na watoto, wamebanana kama kawaida, na kigoda kiko katikati yao hakuna aliyekikalia. Yoramu akamfuata.

"Fundi," akasema, "ulipouliza tunakaa wapi, nilikudanganya."

"Wengi hunidanganya hapo, mzee," akasema fundi. Hakumlaumu. Naye alionekana amechoka.

Matanga yalipoisha, Yoramu alichukua mbao kwenye uwanja wake, akapanda ngazi, akaziba uwazi ulio juu ya ukuta wa jikoni na kupiga dari, yeye mwenyewe, bila kumwita mtu. Kazi ilimchukua siku nne.

Nami nimeishi na watu muda mrefu, nimewasikia wengi wakisema, kama alivyosema yeye: joto lipo, nimewaambia waje, hawataki wenyewe. Kwa hiyo sitawauliza kama nyumbani kwenu kuna joto. Nawauliza hili tu: leo, nyumbani kwako, ni nani amekaa jikoni kwenye baridi, akingoja waondoke wageni ambao hawakuja kamwe?