Mkondo wa Sultani Shebwana

Hapo zamani, wafalme walipokuwa wengi kuliko akili zao, palikuwa na mkondo wa bahari kati ya pwani mbili, Kilulu na Ndagoni. Visima vya Kilulu ni chumvi tupu, maji matamu yako Ndagoni. Basi watu wa Kilulu huvuka kuteka maji, huvuka kuoa, huvuka hata kwenda kugombana.

Akatawala Kilulu Sultani Shebwana, mwenye hekima kubwa, na shahidi wa hekima hiyo ni yeye mwenyewe. Siku moja akapigisha mbiu: "Mkondo huu ni mali yangu, pwani hata pwani, kila tone. Atakayevuka bila idhini yangu atakatwa mkono."

Ikawa wa kwanza kukamatwa ni Vuai, fukara asiye na kitu ila ulimi na jaruba moja la mpunga, anavuka na mtungi wa maji ya mkewe mzazi. Akahukumiwa kukatwa mkono kesho yake. Wakamwacha aende kwake, maana atakimbilia wapi, na mkondo umefungwa?

Jioni ile maji ya bamvua, bahari ijaapo kupita kiasi, yakapanda, yakajaa jarubani, mpunga ukafa wote.

Asubuhi Vuai akaingia barazani akiburura mtungi uliojaa maji, umefungwa kamba shingoni.

"Nini hicho, mpumbavu we?" akauliza Sultani.

"Mnyama wako, Seyyid. Nimemkamata shambani kwangu, amekula mpunga wote. Hana mchungaji, masikini."

"Hayo si maji ya bahari?"

"Ndiyo, Bwana wangu. Ya nani?"

Kadhi akakohoa. Maana desturi ya Kilulu, mnyama akiingia shamba la mtu hufungwa kamba, na mwenyewe, awe nani, huja kwa miguu yake kumswaga hadi zizini, watu wakitazama. Na desturi ile Shebwana aliishikilia sana mbuzi wa jirani walipokula miwa yake.

"Ikiwa mkondo ni wako, Seyyid," akasema kadhi, "basi desturi ni desturi."

"Fimbo nimekuja nayo," akasema Vuai. "Wenziwe wamejaa jarubani. Huyu nimemleta kwa kuwa ndiye mdogo."

Mwanamke mmoja nyuma akapiga kigelegele: "Jamani, twendeni tukamwone Sultani akichunga!"

Shebwana akaitazama fimbo, akatazama jaruba kule bondeni, maji ya magoti.

"Mkondo ni wa Mungu," akasema. "Nani kasema ni wangu?"

"Hakuna, Seyyid," akajibu Vuai. "Tuliota sote, usiku mmoja."

Baraza likaangua kicheko, naye Sultani akacheka kwa meno tu. Vuai akaondoka na mikono yake miwili, akaenda Ndagoni kuteka maji mchana kweupe, na nusu ya mji nyuma yake.

Na anayebisha, fimbo ile ipo: akauswage mkondo yeye.