Nyimbo za Sengondo Zilipofungwa

Sogeeni. Mwenye njaa aende akale kwanza, maana mimi sishindani na tumbo la mtu. Mpo? Basi zamani, watoto, zamani ile ambayo hata babu wa babu yangu aliisikia kwa watu, milimani huku waliishi wahunzi. Waliyeyusha chuma, wakafua majembe, wakafua mikuki. Na mvukutaji wao, yule aliyekaa kwenye mivukuto akiupuliza moto wa tanuri, aliitwa Sengondo.

Sengondo alivukuta na kuimba. Anavukuta, anaimba. Nyimbo alizitunga mwenyewe kwa zeze lake, na watu walivuka bonde kuja kumsikia, jembe hawataki, mkuki hawataki. Sauti yake siwezi kuwaeleza. Sikuisikia, na sipendi kudanganya. Wanaosema ililaza simba ni waongo. Ilikuwa sauti nzuri ya mtu, inatosha.

Akafa.

Siku hizo mtunzi akifa, nyimbo zake zilifungwa. Mjane alichukua zeze la marehemu, akazizungushia nyuzi zake kamba ya mgomba, akakaza mafundo, na tangu hapo hakuna kinywa kilichoruhusiwa kuimba hata wimbo mmoja. Waliotaka kuzirithi walikwenda kuimba mbele ya mjane. Akiridhika, alifungua kamba, nyimbo zikawa za watu wote. Asiporidhika hadi tanuri la msimu mpya linawashwa, zeze lilizikwa, nyimbo zikazikwa nalo. Usicheke, wewe. Ndivyo ilivyokuwa.

Mjane huyo ni Namkunda, na Namkunda hakuwa mtu wa kuridhika.

Alimtamani mumewe, watoto. Alimtamani kwa masikio. Asubuhi akiamka, kabla hajakumbuka, masikio yalitangulia kumtafuta. Alikuwa akitwanga, anausimamisha mchi hewani, anasikiliza. Kimya. Anatwanga. Anausimamisha tena. Kimya. Kwa hiyo waimbaji walipoanza kuja alikaa mlangoni, zeze mapajani, akingojea kitu kimoja tu: asikie kilekile kilichoondoka.

Alikuja wa kwanza, akaambiwa anabweka. Alikuja mwingine, akaambiwa anaimbia puani. Akaja mmoja mwenye sauti tamu kweli, Namkunda akamuuliza kama mama yake hakumfundisha kumeza kabla ya kuimba. Wakaondoka wote, na huku tanuri jipya linakandikwa udongo, linapanda.

Ndipo akaja Kilave. Huyu alikuwa kijana mhunzi, na alimpenda Sengondo kupita kiasi. Sasa, Sengondo alikuwa na pengo mbele, mvukuto ulimrukia ukang'oa jino, na kila alipofika kwenye neno lenye "s" ulitoka mluzi mdogo. Kilave alikwenda nyuma ya nyumba akaling'oa lake. Jino zima, bichi! Mnashangaa nini? Watu wa namna hiyo wapo hata leo.

Kilave akaimba, na ilikuwa ileile. Pumzi ileile, haraka ileile ya mivukuto, mluzi uleule. Namkunda alifumba macho. Mkono wake ukanyooka wenyewe, ukitafuta bega analolijua. Ukagusa bega la mtoto wa watu. Akafumbua macho, akalia kilio ambacho hakukilia hata siku ya mazishi.

"Mama, nimekosea wapi?" Kilave akauliza, damu bado midomoni.

"Hujakosea popote, mwanangu. Umeniletea pengo lake. Mwenyewe yuko wapi?"

Kilave akaenda zake ameinama. Wazee wa tanuri wakatuma ujumbe: kesho wanawasha, kwa hiyo afungue ama azike. Namkunda akajibu kuwa atazika. Wamalize kuchimba shimo, asubuhi atalileta zeze mwenyewe.

Asubuhi, anatoka na zeze, amkute nani njiani? Nanzia.

Nanzia alikuwa jirani, na hawakuwa wakisalimiana. Waligombea maji ya mfereji tangu ujana wao, na kila mmoja aliamini mwenzake ni mwizi. Kazi ya Nanzia ilikuwa kuosha mchanga wa chuma mtoni. Anachota kwa ungo, anatikisa, anamwaga. Anatikisa, anamwaga. Na sauti yake, hii naweza kuwaeleza, ilikuwa kama mlango mbovu.

"Nataka kuimba," Nanzia akasema.

"Wewe?"

"Mimi. Ukiniona mwizi wa maji, nione hivyohivyo, ila unisikilize. Tanurini wanawake hatukukaribia. Wimbo wake ulinifikia mtoni, nikauimba kwa mwendo wa ungo. Sijui mwendo mwingine. Ukiuzika, nitaoshea nini?"

Namkunda akakaa juu ya jiwe, akamwambia aimbe upesi, shimo linamsubiri. Lakini upesi ndio Nanzia asiouweza. Aliuimba polepole, akitikisa mikono mitupu kama ameshika ungo, neno moja, kisha kimya kidogo, kisha neno la pili:

Mlango nimeushindika,
komeo sikulitia;
akija usiku huu,
mkonowe haufiki.

Namkunda akainua kichwa. "Rudia hapo."

Nanzia akarudia.

Hapa niwaambie jambo, na asininung'unikie mtu kuwa nimechelewa. Namkunda na Sengondo waliwahi kuzaa binti. Akafa kwa homa akiwa bado mdogo, wa kusimama kwa vidole akitaka kufungua mlango. Sengondo hakulia. Alirudi tanurini kabla matanga hayajaondolewa, akatoa wimbo mpya, huuhuu wa mlango, watu wakaucheza. Namkunda hakumsamehe. Aliishi naye, akampikia, akampenda, lakini hilo hakumsamehe. Na wimbo aliujua wote! Aliutwangia mahindi miaka na miaka. Sauti ilikuwa nzuri mno, na mivukuto ilikuwa mbio mno, maneno yakapita masikioni kama maji juu ya jani la yungiyungi.

"Haufiki," Namkunda akasema taratibu. "Alikuwa anamwachia mlango."

"Mimi nilidhani unajua," Nanzia akasema. "Mtoni tuliulilia sana wimbo huu."

Namkunda akayashika mafundo ya kamba, yakamshinda. Akayafungua kwa meno.

"Sauti yako mbaya, Nanzia."

"Najua."

"Imba tena."

Tanuri likawashwa, na nyimbo za Sengondo zikatawanyika milimani. Kilave aliziimba kwa sauti yake mwenyewe, ambayo ilikuwa nzito na haikuwa mbaya. Wachungaji waliziimba wakizirefusha, mabibi harusi wakazikata katikati. Namkunda alizisikiliza zote, akawakemea nusu yao. Msiniulize kama aliisikia tena sauti ya mumewe. Hakuisikia. Mtu akienda, sauti yake huenda naye, na Namkunda aliitamani hadi akazikwa. Lakini kila kinywa kilimletea kitu kidogo ambacho Sengondo alikiweka mle ndani, na ambacho yeye, mke wake, alikipita.

Kwa hiyo ukimsikia mtu anaimba wimbo wa marehemu wako, usimdai marehemu. Hanaye. Muulize ameona nini mle.

Nimekitua hapa kisa, kizima, sikukitia chumvi. Mwenye kukitaka akiokote, akisimulie kwa mdomo wake.